Kabla ya Majibu

Mwanamume akitaka kumwacha mwanamke, basi achague mahali. Aende bustanini, aende mgahawani, au apige simu kama waoga wenzake. Wangu mimi alichagua kiti cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe ndiye mimi, na mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwangu.

"Wembe," aliniita. Mtaa mzima unaniita hivyo, nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa sababu ya mdomo. "Leo jioni msituandalie kitu. Hatuji."

Nilidhani ananitania. Jioni hiyo ndiyo iliyopangwa yeye na mama yake waje kwetu kuniposa. Nyumbani mama yangu alikuwa ameamka mapema kufuta makochi yasiyokuwa na vumbi, na mjomba wangu, ambaye ndiye angekaa mahali pa baba, alikuwa amekwisha kuvaa koti lake na amekataa kulivua.

"Hamji leo, mtakuja kesho?"

"Hatuji kabisa. Mimi na wewe tuishie hapa."

Hapo mkono wangu ukakosa adabu.

Inabidi niwaeleze kazi yangu kwenye kichwa hicho. Kisogoni mwake kuna mahali pasipoota nywele, papana kama kifuniko cha kopo la mafuta. Alipokuwa na miaka saba aliota uvimbe kwenye ubongo. Wakampasua, kisha wakampiga mionzi wiki baada ya wiki, na nywele za pale hazikurudi tena. Vinyozi walionitangulia walimwacha avae kofia yake. Mimi ndiye niliyegundua kwamba nywele za juu ya kisogo ukiziacha zikarefuka kidogo, kisha ukazivuta chini kwa chanuo, panajifunika na hakuna anayejua. Tulikuwa tunaziita pazia. Mtu haoneshi kila mmoja mahali kama pale, na mimi nilioneshwa, na mapenzi yetu yalianzia hapo hapo.

Sasa siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuvua kile kichana cha plastiki kinachokaa mbele ya mashine, ili nisafishe shingo. Aliposema tuishie hapa, mashine ikapanda yenyewe. Ikatoka shingoni, ikapita katikati ya pazia, ikaibukia utosini. Fungu zima la nywele likamwangukia begani.

Aliona nywele begani, kisha akahisi upepo wa feni mahali ambapo hakuwahi kuuhisi. Akapeleka mkono nyuma polepole.

"Umefanya nini?"

"Na wewe umesema nini?"

Tukatazamana kwenye kioo. Jina lake la mtaani ni Baridi, kwa kuwa anatengeneza majokofu na kwa kuwa hapandwi na hasira hata umkanyage. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu aliyelala usingizi wake vizuri hana macho yale, na hasira yangu ikapungua kidogo, kidogo tu.

Nilizima mashine. Nikafunga mlango wa saluni, nikageuza kile kibao kwamba tumefunga, ingawa nje palikuwa na wateja wawili wameketi kwenye benchi wakisubiri. Waliponiona uso wakainuka wenyewe wakaenda zao.

"Haya. Sema vizuri."

"Nilikwenda kwenye kile kipimo changu cha kila mwaka," alisema. "Wameona kitu."

"Kitu gani?"

Akagusa juu ya sikio la kulia. "Kipo hapa. Kidogo, kama punje ya hindi. Si ule wa zamani, ule ulikwisha. Huu ni mpya, umeota kwenye utando unaofunika ubongo."

"Saratani?"

"Wanasema kwa unavyoonekana, si saratani. Unakua taratibu. Watapiga picha tena baada ya miezi sita, na wakikuta umekua, watafungua kichwa wautoe."

Nilijishika kwenye mgongo wa kiti. 

"Umetoka wapi, Baridi? Si ulipona?"

"Umetoka kwenye dawa yenyewe. Ile mionzi ya utotoni iliua ule wa kwanza, ila kwa baadhi yetu inakuja kuotesha mwingine baada ya miaka mingi. Daktari kanieleza bila kunificha. Hata nikiumaliza huu, bado wataendelea kunikagua. Tezi ya shingo, ngozi ya kichwa, kila kitu. Mpaka nizeeke."

"Kwa hiyo daktari anasema utazeeka."

Alitaka kucheka. Niliona mdomo unacheza, kisha akaubana.

"Usinifanyie mzaha, Wembe. Mimi nakuonea huruma. Una miaka yako mbele. Unataka kuolewa na mtu ambaye kila mwaka anakaa kwenye kiti cha hospitali kusubiri aambiwe kama bado yupo?"

"Huruma kampe paka."

"Nakupenda ndiyo maana..."

"Usithubutu!" Nilimkata kauli. "Usithubutu kuanza na nakupenda ukamalizia na kwaheri. Chagua moja. Mimi si friji, uje unifungue nyuma, unikague, halafu uamue mwenyewe kwamba mzigo huu siuwezi. Uliniuliza? Lini? Umenikuta nimekaa nalia kwamba nataka mwanamume asiyeumwa? Kila mwaka najua unakwenda kupimwa. Kila mwaka siku hiyo nakata nywele za watu vibaya. Nikakulalamikia?"

 Nikamtazama vizuri. Maneno yale hayakuwa yake. Baridi hawezi kupanga sentensi ya kuniacha. Alipokuja mara ya kwanza kutengeneza friji la mama yangu, alishindwa hata kuomba namba yangu ya simu. Alirudi mara tatu kutafuta ubovu ambao haukuwepo, mpaka mama akaanza kuuliza hili friji lina jini gani.

"Nani kakutuma?"

Kabla hajajibu, mtu akagonga kioo cha mlango kwa pete. Nilijua kabla sijageuka. Mama yake.

Alikuwa amevaa vizuri, na mkononi ana ule mkoba wake mkubwa asioachana nao. Niliwahi kuuchungulia nikakuta maji, biskuti, sweta na dawa za kichefuchefu, mambo ya mtoto wa miaka saba, kwa mwanamume mwenye ndevu. Nilimfungulia nikamwamkia. Aliitikia huku macho yameshanipita begani yakimtafuta mwanawe, na yalipomkuta akaachama.

"Umemfanya nini mwanangu?"

Alimfikia kwa hatua mbili, akaweka kiganja kisogoni. Hakupapasa kutafuta. Mkono ulikwenda moja kwa moja, ukapafunika pale pasipo na nywele, na Baridi akafumba macho.

"Mashine imeniteleza, mama," nilisema. "Alikuwa ananiacha."

"Mimi ndiye niliyemwambia akuache." Alisema bila kunitazama. "Usinichukie. Sina ugomvi na wewe, wewe ni binti mzuri na mchapakazi. Tafuta mtu mzima wa afya, binti yangu. Huyu mwachie mimi. Mimi nimemzoea."

"Mama, amekuwa mkubwa."

"Hujui unachokisema. Hujui mimi nimefanya nini." Sauti ikamvunjika. "Mimi ndiye niliyekubali. Baba yake alikuwa safarini, hapatikani, nikaitwa kwenye chumba peke yangu. Wakaniambia, tukimpa mionzi ana nafasi kubwa ya kuishi, ila ubongo wa mtoto ni laini, huko mbele inaweza kumletea mengine. Wakaniuliza, tumpe au tusimpe? Nikasema mpeni. Hata sikufikiri. Nikasema mpeni. Sasa hayo mengine ndiyo haya. Nimeyapanda mwenyewe."

Baridi alifumbua macho. "Hujawahi kuniambia."

"Ningeanzia wapi?"

Mwanamke mwingine angemkumbatia pale. Mimi nilichemka. Nilichemka kwa niaba yake, kwa miaka yote aliyobeba kitu kile kama mwizi.

"Mama, ulisema mpeni?"

"Nilisema."

"Basi ahsante." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ahsante sana. Ungesema msimpe, kiti hiki leo kingekuwa kitupu, na mimi nisingekuwa na mtu wa kugombana naye. Mnalia kwamba kaota uvimbe akiwa na miaka thelathini na kitu. Mionzi hiyo hiyo ndiyo iliyompa hiyo thelathini na kitu! Kuna watoto aliolazwa nao ambao leo hawana hata kichwa cha kuota uvimbe. Usije ukajuta mbele yangu, mama yangu. Ajute mwingine. Ulichokubali siku ile ndicho ninachokipenda mimi."

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Nadhani nilimtisha. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mlango, kiganja chake bado kisogoni mwa mwanawe.

Baridi akaushika mkono ule, akauteremsha taratibu, akaubakiza ndani ya mkono wake.

"Na mimi ningesema mpeni," alimwambia. "Ungeniuliza siku ile, nikiwa na akili hizi, ningesema mpeni. Ukiniuliza leo pia."

Mama yake alikaa kwenye kiti cha wateja. Alilia kwa muda, bila kelele, na sisi tukamwacha alie. Nilimletea taulo safi, lile la kufutia nyuso, akalipokea.

Kisha Baridi akaninyanyulia macho kwenye kioo. Nayajua macho yake yote, ya kazini, ya njaa, ya kunitaka. Haya yalikuwa mapya. Yalikuwa ya mtu aliyekasirika, na wala hakunikasirikia mimi.

"Kinyozi," alisema, "utaniacha hivi? Nusu shamba, nusu uwanja?"

"Naweza kujaribu kuziba. Nikipunguza pembeni, nikivuta za juu..."

"Ondoa zote."

"Mwanangu, kisogo kitaonekana!" Mama yake aliruka. "Leo watu watakiona!"

"Wakione, mama. Jioni tunaposa."

Nikawasha mashine. Niwaambie ukweli, sijawahi kukinyoa kichwa chochote kwa mapenzi kama nilivyokinyoa kile. Nilimpaka sabuni nikamalizia kwa wembe, nikamfuta kwa spiriti, akakunja uso kwa kuwasha. Nilipofika kisogoni niliinama nikapabusu mbele ya mama yake, bila haya.

Jioni walikuja. Mjomba wangu, aliyekuwa amelowa jasho ndani ya koti, alimwangalia mkwe mtarajiwa kuanzia shingoni hadi utosini, akasema, "Bwana harusi kaja na taa yake kabisa," na watu wakacheka, hata mama yake Baridi akatabasamu kwa mbali. Mama yangu hakucheka. Alikuwa amempita kwa nyuma akibeba vikombe, na alikuwa amekiona kisogo.

"Hapo nyuma uliungua?" aliuliza.

Ningeweza kujibu mimi, lakini Baridi alikuwa amekwisha kusogea mbele kwenye kochi.

"Hapana, mama. Ni mionzi." Akawaeleza yote. Alieleza kwa utulivu ule ule anaomwelezea mteja ubovu wa friji lake, kimeharibika nini, kinatengenezeka vipi, na kipi hawezi kukiahidi. Akaeleza punje ya hindi juu ya sikio. Akaeleza miezi sita. Akaeleza kwamba hata ikiisha hiyo, itabaki kupimwa maisha yake yote. "Sikuja kuwaficha kitu," alimaliza. "Na sina dhamana ya kuwapa. Nimekuja kumwomba binti yenu, nikiwa hivi."

Feni ilizunguka. Mjomba alivua koti hatimaye.

"Mwanangu umesema kiume," mama yangu alisema, na nilijua kwa ile sauti laini kwamba kinachofuata kitauma. "Hakuna anayekukataa hapa. Ila tusiende haraka. Miezi sita si mingi. Tusubiri hayo majibu kwanza, tujue tunasimama wapi, kisha tutapanga harusi kwa amani. Au nimekosea, ndugu yangu?"

"Hujakosea," mjomba alisema. "Ni busara."

Mama yake Baridi alitazama miguu yake. Na Baridi, mpenzi wangu mstaarabu, asiyejua kubishana na wakubwa, nilimwona anaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Hapana," nilisema.

"Wewe nyamaza, wakubwa wanazungumza."

"Siwezi, mama. Tusubiri majibu, yakija mazuri tufanye nini? Tufunge ndoa haraka haraka kabla ya mengine? Hamjamsikia? Mwaka ujao kuna majibu mengine, na mwaka wa mbele yake tena. Majibu yake hayaishi. Tukisubiri jibu la mwisho kabisa, mnajua linakujaje? Linakuja limelala ndani ya jeneza. Mimi siolewi siku hiyo. Nataka kuolewa kabla."

"Nakusemea mimi niliyekuzaa!" Mama yangu alikuwa amesahau ile sauti laini. "Unataka nikuone mjane na watoto mkononi? Nimekulea peke yangu, najua kazi yake! Nakutakia mwanamume mzima, ni dhambi?"

"Baba alikuwa mzima."

Nilisema polepole. Sikupanga kulisema, na lilipotoka sikutaka kulirudisha.

"Alikuwa mzima kama chuma, mama. Sijawahi kumsikia hata akikohoa. Akapanga nguo zake kwenye begi akatoka kwa miguu yake miwili, na hadi leo ni mzima huko aliko. Huyu unayemwogopa ndiye pekee aliyeniambia mapema anaweza kuondoka vipi. Na alipotaka kuniacha asubuhi, alishindwa hata kumaliza."

Mjomba aliangalia dirishani. Mama yangu alikaa chini. Hakulia, yeye si wa kulia, ila alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Baridi alitoka kwenye kochi la wageni, akaja akakaa kwenye mkono wa kiti changu. Hakunigusa. Alikaa tu, upande wangu.

Ndipo mama yake alipouweka mkoba wake sakafuni.

"Niseme na mimi," alisema. "Mimi ndiye fundi wa kusubiri hapa. Nimesubiri majibu ya huyu tangu akiwa na miaka saba. Kila mwaka najiambia, yakiwa mazuri nitakwenda kumtembelea dada yangu. Yakiwa mazuri nitapaka nyumba rangi. Mara nyingi yalikuwa mazuri, mkwe mwenzangu. Dada yangu sijamwona. Nyumba ina rangi ile ile. Nikiambiwa yako salama, kabla sijafika nyumbani nimeshaanza kuogopa ya mwaka unaofuata." Akamgeukia mama yangu. "Asubuhi nilikwenda saluni kuivunja posa hii kwa mdomo wangu. Sasa naomba niulete mdomo huo huo upose. Nawaomba binti yenu. Na naomba iwe kabla ya kipimo."

Mama yangu alimtazama kwa muda mrefu, mwanamke kwa mwanamke, mmoja amelea peke yake mtoto aliyeachiwa, mwingine amelea huku anamshika asimponyoke. Kisha akanigeukia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alichoka kushindana nacho.

"Mwezi ujao," alisema. "Sitaki kusikia habari ya gauni la kukodi."

Vidole vya Baridi vikakutana na vyangu nyuma ya kiti, vikabanana. Mjomba, ambaye hawezi kuacha jambo likapita bila kulijaribu kama limekaza, akainua mkono.

"Nauliza tu, msinirukie. Tukishamwoza, na hicho kipimo kikaja kibaya?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe wangu akaniwahi.

"Basi kitamkuta ana mke."